Kijiti au kitanzi hapohapo baada ya kujifungua, au nisubiri wiki sita? Naombeni uzoefu

Mama Mtarajiwa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa.

Nina mimba ya miezi minane, uzao wa pili. Kliniki iliyopita nesi aliniuliza kama nimeshafikiria uzazi wa mpango, akasema nikitaka naweza kuwekewa kijiti cha mkononi au kitanzi cha ndani ya mfuko wa uzazi hapohapo nikishajifungua, kabla hata sijaruhusiwa kwenda nyumbani. Sikuwa najua kama inawezekana. Uzao wa kwanza niliambiwa tu nirudi baada ya wiki sita, na nilipokuja kuanza kuulizia, kila mtu alikuwa na habari yake: huyu kijiti kimemtoa damu mwezi mzima, yule kitanzi kimemchoma mumewe, mwingine sindano imemnenepesha. Nikaanza vidonge, lakini kuamka na mtoto usiku na kukumbuka kidonge saa ileile kila siku ni vitu viwili visivyokaa pamoja.

Safari hii nataka kupumzika miaka mitatu au minne, halafu Mungu akipenda tuongeze mmoja. Nitanyonyesha. Sitaki kitu cha kukumbuka kila siku. Hedhi yangu kwa kawaida ni nzito, siku mbili za mwanzo huwa sitoki nyumbani.

Mume wangu hana pingamizi ila kitanzi anakiogopa. Wenye uzoefu wa kweli, naombeni mniambie, hasa mliowekewa mapema baada ya kuzaa.

---

Mama wa Watatu

Hongera mwenzangu, ujifungue salama.

Mimi nilitumia kijiti, kile kimoja. Uwekaji sio kitu cha kutisha. Unalala, unanyoosha mkono ambao huutumii kuandikia, wanakupiga ganzi upande wa ndani juu ya kiwiko, unasikia mtu anakusukumasukuma ngozi, kimeisha. Wanakufunga bandeji ngumu. Kesho yake pale pana alama ya kijani na zambarau, ukipabonyeza panauma, baada ya wiki panapoa.

Damu sasa. Miezi ya mwanzo nilikuwa natoka matone, rangi ya kahawia, leo yapo kesho hayapo. Sio damu ya kukuangusha, ni ile ya kukufanya uvae pedi muda wote kwa sababu hujui itakuja saa ngapi. Ilinichosha, siwezi kudanganya. Baadaye ikakata kabisa nikakaa muda mrefu bila kuona siku zangu. Maziwa hayakupungua, mtoto alinenepa vizuri tu.

Nilipotaka mtoto mwingine wakakitoa, hedhi ikarudi, na mimba haikuchelewa. Kwa hiyo anayekwambia kijiti kinafunga kizazi, mwambie mimi nipo.

---

Mkunga wa Zamu

Mama Mtarajiwa, umeuliza wakati mzuri. Hili jambo linatakiwa kuamuliwa sasa, ukiwa umetulia na una nafasi ya kuuliza na kukataa. Haifai mtu akuletee fomu ukiwa katikati ya uchungu au dakika tano baada ya kondo kutoka. Mwanamke anayejibu "ndiyo" akiwa kwenye maumivu hajachagua, ameombwa tu akaitikia. Nimekaa wodi ya wazazi muda mrefu, na wanaorudi wakilalamika wengi wao ni wale ambao hawakuelezwa mapema nini kitatokea.

Nieleze ninavyowaeleza wajawazito wangu.

Kuna aina mbili kubwa za njia za muda mrefu zinazoweza kuondolewa. Vijiti vya mkononi vinatoa homoni ya projestini kidogokidogo. Kinazuia yai kutoka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Cha kijiti kimoja, kama Implanon NXT, kina urefu wa sentimita 4 na unene wa njiti ya kiberiti, kimesajiliwa kwa miaka 3. Cha vijiti viwili, Jadelle, ni miaka 5.

Halafu kuna kitanzi, wengine mnaita lupu, kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi. Cha shaba hakina homoni hata kidogo, shaba yenyewe ndiyo inayozinyima mbegu nguvu ya kufika kwenye yai. Kile cha kawaida kinakaa miaka 10 na zaidi. Kipo pia kitanzi chenye homoni, Mirena ni mmojawapo, kinakaa miaka kadhaa na kinapunguza damu ya hedhi sana.

Kwa uhakika, zote hizi zinazidi vidonge na sindano kwa sababu moja tu: hazitegemei kumbukumbu yako. Kwa kijiti, katika wanawake 1,000 wanaokitumia mwaka mmoja, anayepata mimba ni mmoja au hakuna. Kitanzi cha shaba ni wasiozidi 10. Vidonge, kwa jinsi watu wanavyovimeza kwenye maisha halisi, ni kama 70.

Kuhusu muda wa kuwekewa. Kijiti kinaweza kuwekwa wakati wowote baada ya kujifungua, hata siku hiyohiyo, hata kama unanyonyesha. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliruhusu hivyo kwenye mwongozo wake wa 2015. Zamani tulikuwa tunawaambia wanaonyonyesha wasubiri wiki sita, ndiyo maana bado utasikia hilo jibu kwa baadhi ya wahudumu. Sindano ya miezi mitatu ndiyo ambayo kwa anayenyonyesha kwa kawaida inasubiri wiki sita. Na vidonge vyenye homoni mbili, yaani vyenye estrojeni, mama anayenyonyesha asiviguse wiki sita za mwanzo, na mpaka miezi sita ni bora atumie kitu kingine.

Kitanzi kina dirisha lake. Kinawekwa ndani ya saa 48 tangu ujifungue, na pazuri zaidi ni dakika 10 za kwanza baada ya kondo kutoka, au daktari anakiweka kabisa wakati wa upasuaji kabla hajashona mfuko wa uzazi. Saa 48 zikipita, unasubiri hadi wiki ya nne. Katikati hapo hatuweki, mfuko bado unasinyaa na hatari ya mfuko kutobolewa au kitanzi kutoka chenyewe inakuwa kubwa.

Na kuna wanaoahirishiwa: aliyepata homa wakati wa uchungu, ambaye chupa ilipasuka mapema ikakaa muda mrefu kabla ya kuzaa, au anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa. Hao hawawekewi kitanzi siku hiyo, hata kama walishakubali. Kwa hiyo uwe na chaguo la pili kichwani.

Sasa nirudi kwako wewe. Umesema hedhi yako ni nzito. Kitanzi cha shaba kwa kawaida kinaongeza damu na maumivu ya tumbo, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwanamke ambaye tayari siku mbili hatoki nyumbani, kwangu hicho sio cha kwanza kumpa. Kijiti au kitanzi cha homoni vinakufaa zaidi. Ila kijiti kinaleta damu isiyotabirika, kama alivyosema Mama wa Watatu, na hakuna mtu anayeweza kukwambia mapema wewe utakuwa yupi. Wapo wanaokauka kabisa, kama mmoja kati ya watano. Wapo wa matone. Wapo wachache ambao damu haikatiki mpaka wanakitoa.

---

Subira

Mimi ni wa kitanzi cha shaba, kiliwekwa mara tu baada ya kondo kutoka. Nieleze kilichonipata, sio kukutisha.

Waliniambia nijichunguze nyuzi baada ya muda, zile za kitanzi zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi. Nikanawa mikono, nikachuchumaa, nikaingiza kidole mpaka kwenye kile kidude kigumu kama ncha ya pua, huo ndio mlango wa kizazi. Siku za mwanzo sikuhisi nyuzi kabisa. Baadaye nikazihisi, ndefu, laini. Halafu siku moja nikahisi kitu kigumu, plastiki, pale pale mlangoni. Nikajua hiki kinatoka. Nilienda kituoni wakakivuta, nusu kilikuwa kimeshashuka. Tukatumia kondomu, na baadaye wakaniwekea kingine. Hicho ninacho hadi leo, nimesahau kama kipo.

Kwa hiyo kuwekewa mapema kuna faida, ila ujichunguze. Rafiki yangu cha kwake kilitoka na damu ya uzazi hakujua, akashtukia ana mimba.

---

Mkunga wa Zamu

Asante Subira, hii ni sehemu tunayoipitia harakaharaka kwenye ushauri na haistahili kuharakishwa. Vitanzi vinavyowekwa mara tu baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, takriban kimoja kati ya kumi kinatoka chenyewe. Kikiwekwa baada ya wiki ya nne ni vichache sana. Kwenye upasuaji iko katikati.

Wengine wanauliza, sasa kwa nini mkiweke mapema? Kwa sababu wengi wanaoambiwa "rudi baada ya wiki sita" hawarudi. Mtoto anaumwa, nauli hakuna, mama mkwe amekuja, kliniki siku hiyo imejaa. Na mimba haisubiri tarehe ya kliniki. Asiyenyonyesha, yai linaweza kutoka kabla hata ya wiki ya nne kuisha, na linatoka kabla ya hedhi ya kwanza. Kwa hiyo "sijaona siku zangu bado" sio kinga.

Anayenyonyesha ana nafuu, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila maji wala uji, hedhi haijarudi, na mtoto hajafika miezi sita. Moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyo.

Mwenye kitanzi cha mapema arudi kuangaliwa kati ya wiki ya tatu na ya sita. Nyuzi zinashuka kadiri mfuko unavyosinyaa na wakati mwingine zinahitaji kupunguzwa. Akiona homa, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo la chini, aende siku hiyohiyo.

---

Baba Pacha

Naomba niseme upande wa wanaume kwa sababu mume ametajwa.

Mke wangu ana kitanzi. Mwanzoni nilikuwa nahisi kitu kinanichoma, sio kila mara. Nilikuwa sitaki kumwambia nikaona atajisikia vibaya. Nilipomwambia tulikwenda wote, na nikashangaa nesi hakukata nyuzi. Alisema nyuzi zikikatwa fupi sana ndipo zinasimama na kuchoma, zikiachwa na urefu zinalainika na kujikunja kuzunguka mlango wa kizazi. Zile za mke wangu zilikuwa zimekatwa fupi. Alizirudisha vizuri nyuma, na hilo tatizo likaisha.

Mwambie mume wako aje kliniki asikie mwenyewe. Mimi nilikuwa naogopa kwa sababu nilisikia kijiweni, na kijiweni hakuna aliyewahi kukiona kitanzi kwa macho. Nilipokiona mezani, kidude cha plastiki chenye umbo la herufi T na waya wa shaba, hofu iliondoka yenyewe.

---

Njiwa

Nimesoma yote, naona wengi mnazungumzia kuweka. Mimi nizungumzie kutoa.

Nilikuwa na kijiti. Damu ilikuwa haikatiki. Nilienda kituo kilichoniwekea nikaomba kitolewe, nikajibiwa "vumilia, muda wake bado". Nikarudi tena, nikaambiwa aliyejifunza kutoa yuko likizo. Nikarudi nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kila mtu pale alikuwa anajua kuweka. Nilifikia mahali nikaanza kufikiria kukitoa mwenyewe na wembe. Mwishowe nilikwenda kituo kingine kabisa, daktari akakipapasa, akapiga ganzi, akachana kidogo sana, akakisukuma kwa kidole kikatokeza, akakivuta. Haikufika hata robo saa.

Sina ugomvi na kijiti. Dada zangu wawili wanacho na wanakipenda. Nina ugomvi na kunyimwa mwili wangu. Mama Mtarajiwa, kabla hujakubali chochote, uliza: nikitaka kitoke, nani anakitoa, siku gani, na nitaulizwa sababu?

---

Mkunga wa Zamu

Njiwa, pole sana. Na nashukuru umeandika, kwa sababu hili linaniuma hata mimi niliye upande wa pili wa meza.

Niseme waziwazi kwa kila anayesoma: njia hizi zinaitwa za muda mrefu kwa maana zinaweza kukaa muda huo, sio kwamba lazima zikae. Ukitaka kitoke baada ya mwezi mmoja, ni haki yako. Sababu unaweza kuisema ili usaidiwe, lakini sio tiketi ya kuingilia. Mhudumu anaweza kukushauri, anaweza kukwambia kuna dawa ya kujaribu kwanza, ibuprofeni kwa siku chache husaidia baadhi ya wanawake wenye damu ya kijiti, au vidonge vya homoni kama hakuna kizuizi. Ukisema "hapana, kitoe", basi kinatolewa.

Mwanamke aliyenyimwa kutolewa hamshawishi mwenzake kutumia. Anawatisha, na ana haki ya kuwatisha. Hofu nyingi tunazoziita uvumi, ukizifuatilia unakuta nyuma yake kuna mtu aliyepata shida ya kweli na hakusikilizwa.

Na tafadhali, asithubutu mtu kukitoa mwenyewe. Pale mkononi pana mishipa ya damu na ya fahamu. Kama hakipapasiki kinaweza kuwa kimeingia ndani sana, kinatafutwa kwa utrasaundi kwanza.

---

Mama wa Watatu

Njiwa umenitoa machozi. Mimi nilitolewa siku ileile nilipoomba, nikadhani ndivyo ilivyo kwa wote.

---

Tumaini Jipya

Samahani kuingilia, mimi natumia dawa za kifafa, karbamazepini. Nina mtoto mchanga. Nimeambiwa nichague kijiti, kuna shida?

---

Mkunga wa Zamu

Tumaini, hujaingilia, swali lako ni la maana kuliko unavyofikiri. Ndiyo, kuna shida. Karbamazepini na fenitoini zinaifanya ini ivunje homoni ya kijiti haraka, nguvu yake inapungua na unaweza kupata mimba kijiti kikiwa mkononi. Vivyo hivyo rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina tatizo hilo.

Kitanzi, cha shaba au cha homoni, hakiathiriwi na dawa zako. Sindano ya miezi mitatu pia inafanya kazi vizuri. Usiache dawa za kifafa kwa ajili ya hili. Rudi kwa aliyekushauri na boksi la dawa mkononi, alione jina la dawa yeye mwenyewe.

Na kwa wote, mkiulizwa "unatumia dawa yoyote", tajeni kila kitu.

---

Subira

Mkunga, vipi habari ya uzito? Na kuna mtu kaniambia sindano inachelewesha mimba, ni kweli au ni maneno?

---

Mkunga wa Zamu

Kuchelewa ni kweli kwa sindano. Ukiacha sindano, mimba inaweza kuchukua miezi mingi kurudi, kwa wastani kama miezi 10 tangu uchome ya mwisho. Haifungi kizazi, inachelewesha. Kijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo unarudi mara moja, kwa hiyo mtu asikae akidhani ana muda wa kusubiri.

Uzito: kitanzi cha shaba hakina homoni, hakinenepeshi. Sindano ina baadhi ya wanawake inaowaongeza. Kijiti, wengine wanasema wameongezeka, lakini kumbuka mwili baada ya kuzaa unabadilika hata bila njia yoyote, na sio rahisi kutenganisha.

Jambo jingine nisilisahau: hakuna hata moja ya hizi inayozuia magonjwa ya zinaa. Kondomu ina kazi yake.

---

Mama Mtarajiwa

Nimesoma kila mstari, na jana usiku nimemsomea mume wangu. Baba Pacha, sehemu yako ameirudia mara mbili, kliniki ijayo anakuja.

Cha shaba nimekiacha kwa sababu ya hedhi yangu. Kitanzi cha homoni nimeuliza, kituo changu hawana. Kwa hiyo ni kijiti, na nataka niwekewe kabla sijaruhusiwa. Nimempigia nesi nikamuuliza maswali ya Njiwa kama yalivyo. Amesema wanatoa siku zote za kliniki, wahudumu watatu wamefundishwa, na hakuna atakayenilazimisha kukaa nacho. Nikamwomba anitajie majina yao, akanitajia. Damu nimejiandaa nayo. Nikiona inanishinda nitarudi, sitasubiri kuambiwa nivumilie.

Njiwa, asante kuliko wote. Mkunga, kuna kitu cha mwisho nifanye?

---

Mkunga wa Zamu

Vitatu. Chaguo lako liandikwe kwenye kadi ya kliniki sasa, na anayekusindikiza siku ya kujifungua alijue, maana wa zamu siku hiyo huenda sio nesi uliyezungumza naye. Ukibadili mawazo, hata ukiwa umeshalala kitandani na mkono umeshapakwa dawa, sema.

Kikishawekwa, uliza ni cha miaka mingapi na tarehe ya kukitoa iandikwe. Piga picha hiyo kadi na simu, kadi huwa zinapotea na kijiti chenyewe hakina tarehe juu yake. Ukiwekewa kabla ya siku ya 21 tangu ujifungue huhitaji kinga ya ziada. Ikipita hapo, tumia kondomu siku 7.

Na kabla hawajakufunga bandeji, kipapase mwenyewe kwa vidole viwili, mwanzo na mwisho wake. Lazima ukihisi chini ya ngozi. Usipokihisi waambie palepale, wala usikubali kuambiwa "kipo tu". Mpaka kijulikane kilipo, hesabu kwamba huna kinga.

---

Njiwa

Mama Mtarajiwa, ukishajifungua urudi hapa utuambie. Na uzi huu naomba usifungwe, kuna wengi wataufikia wakiwa na swali hilohilo.